Dhambi ya Kuazima

"Kwa kushuhudia, Khayega nzima hakuna wa kunigusa," Tevin alimwambia Natasha, huku akipanguza mabenchi ya kanisa kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mabenchi yenyewe. "Wengine wanaongeanga tu. Mimi nikisimama, hata mabati yanatulia."

Natasha, mwimbishaji wa ushirika wa vijana, alicheka hadi akashika kiuno. "Na yule nyoka wako? Ameongezeka tena?"

"Dada, nyoka ni yule yule. Ni imani yenu imekua."

Nyoka huyo ndiye aliyekuwa mtaji wa Tevin. Alipoanza kushuhudia, Mungu alikuwa amemwokoa na kanyoka kembamba kama kamba ya kiatu, kalikojificha chooni. Kufikia Pasaka kakawa joka. Siku hizi lilikuwa linasimama kwa mkia na kumtazama machoni. Na kila Agosti, vijana wa Khayega walipotakiwa kutoa mmoja wao akashuhudie kwenye kongamano la Navakholo, mbele ya umati na spika kubwa kama kabati, jina lilikuwa moja tu. Mwaka huu pia, Tevin alishajiona kule, maikrofoni mkononi, na Natasha safu ya mbele akifuta machozi.

Basi siku hiyo hiyo, ibada ilipoanza, akasimama Masinde, amevaa gambuti za mpira.

Masinde alikuwa mtu wa mafahali. Ndiye aliyekuwa akimlisha fahali wa mtaa wao, akimwimbia na kumsindikiza uwanjani kupigana, na ushindi wote akiunywa kwa busaa. Alikuwa ameokoka juzi juzi, hata matope ya uwanjani hayajamtoka vizuri. Hakufumba macho wala hakutetemesha sauti.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Masinde. Mama yangu alilazwa hospitali. Asubuhi fahali wetu alikuwa anapigana. Mama akaniambia, keti kidogo. Nikamwambia, narudi sasa hivi. Tulishinda. Tuliimba barabarani mpaka jioni. Niliporudi, kwa kile kitanda kulikuwa na mtu mwingine. Yesu amenisamehe. Mimi bado najifunza. Ni hayo tu."

Mabati yakatulia. Tevin aliyasikia kwa masikio yake, yametulia kabisa, na hayakuwa yametulia kwa ajili yake. Akageuka kumtazama Natasha. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na kwa nyoka hakuwahi kulia hata tone. Kwa nyoka alikuwa anachekanga.

Mzee Shikanga, mlezi wa vijana, akajipangusa pua kwa leso. "Jumapili ijayo tunachagua wa Navakholo," akasema. "Mwenye neno, aje na neno." Lakini macho yake yalikuwa kwenye gambuti za Masinde.

Wiki nzima wivu ulimkaa Tevin kama mwiba wa samaki kooni: obusuma, ule ugali wa nyumbani, haupiti, maji hayapiti. Masinde akipita na baiskeli, Tevin anaona anaringa. Masinde akimsalimu, "Ndugu Tevin, habari ya leo?" Tevin anasikia matusi. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba jamaa alikuwa tajiri wa dhambi. Pombe anayo, fahali anaye, majuto anayo, kila kitu! Yeye Tevin ana nini? Amelelewa kwa uji na Shule ya Jumapili. Dhambi yake kubwa ilikuwa kulala wakati wa mahubiri, na hiyo hata wazee wa kanisa wanayo.

"Huyu Mungu naye," akanung'unika kitandani, "kwa nini hakuniacha nipotee kidogo?"

Ndipo akamkumbuka jogoo wa Mama Jescah. Khayega nzima ilimjua jogoo huyo. Mama Jescah alimfuga kwa ajili ya siku ya wakwe, na asubuhi ya wakwe jogoo akawa hayupo. Wakwe wakapewa maharagwe. Wakwe, bila ingokho, bila hata paja la kuku! Mwizi hakupatikana hadi leo. Tevin akaipima dhambi hiyo kama mtu anayejaribu koti sokoni: kubwa ya kutosha kuliza watu, ndogo ya kutosha kutoita polisi. Akaivaa.

Jumapili ikafika. Kabla Masinde hajainuka, Tevin alikuwa ameshasimama.

"Bwana asifiwe! Ninaitwa Tevin, nimeokoka na ninampenda Yesu. Wapendwa, leo sitasema habari za nyoka." Watu wakapumua. "Leo nasema habari za kuku. Mama Jescah, mimi ndiye niliyeiba jogoo wako."

Kanisa likaguna. Natasha akafunika mdomo. Tevin akaona tone la kwanza likikusanyika kwenye jicho la Natasha, na moyo ukamruka kama ndama. Akaongeza chumvi. Akaeleza shetani alivyomshika mkono, giza lilivyokuwa nene, manyoya yalivyomsuta hadi leo. Watu wakaanza kuitikia, "Haleluya!" Gambuti kule nyuma zilikuwa kimya.

Sasa, ushirika ule una desturi yake. Ukitubu wizi, huendi kukaa. Unamgeukia uliyemwibia, unamweleza mbele ya wote ulivyochukua, kisha ndugu wanakusindikiza kurudisha. Tevin aliijua. Alikuwa ameshapanga kumtoa jogoo wa mama yake. Ila kwa haraka ya kusifiwa, lile la kueleza hakulipangia.

Mama Jescah akasogea mbele, mkono shavuni. "Haya mwanangu. Kuku wangu walikuwa wapi?"

"Kwa... kwa banda lao, mama."

"Banda la nyuma?"

"Hilo hilo. Nilivunja kufuli."

Mama Jescah akafungua mdomo, lakini aliyesema si yeye.

"Mama huyu hakuwa na banda." Masinde alikuwa amesimama, kofia mkononi, jasho likimtoka. "Kuku walikuwa wanalalanga jikoni, karibu na mafiga. Mlango haukuwa na kufuli, ulifungwa kwa kamba ya katani. Yule jogoo alikuwa na kitambaa chekundu mguuni. Nilimuuza nikamnunulia fahali busaa ya kumtia ukali." Akamgeukia aliyemwibia. "Mama Jescah, ni mimi. Wiki yote naomba nguvu ya kusema. Ndugu Tevin, asante kwa kutaka kunibebea, lakini huu mzigo ni wangu."

Hapakuwa na kejeli sautini mwake. Hilo ndilo lililomchoma Tevin. Jamaa aliamini kweli kwamba anasaidiwa!

Mama Jescah alikuwa amemshika Masinde mabega, analia, anacheka, anamwita mwanangu. Natasha naye analia, lakini si upande wa Tevin. Tevin akaanza kujikunja polepole kuelekea benchi, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Usikae, Tevin," Mzee Shikanga akasema, akimsogezea maikrofoni. "Sasa ndio una ushuhuda."