Jina la Glenys

Kampuni ya umeme ya Australia ilipohamishia huduma kwa wateja hapa Cebu, Ufilipino, Jessamyn Cabahug alipewa jina la kazini: Glenys. Lilikuwa la mwanamke wa kule aliyeifanya kazi hiyo kabla yetu. Jessamyn alifundishwa kwa simu zake zilizorekodiwa, mpaka hata kicheko kikawa kile kile. Mimi niliketi meza ya pili. Kantini tulimtania: "Mzungu, nipitishie siki."

Asubuhi moja akapiga bibi aitwaye Edna.

"Glenys, mwanangu, mbona huji?"

Jessamyn akanitazama. "Mama, hapa ni huduma kwa wateja."

"Najua unapofanya kazi. Nimekuuliza unakuja lini."

Akawa anapiga kila wiki. Tulikuwa ukumbi mzima, lakini simu yake iliangukia kwa Jessamyn tu. Msimamizi alisema ofisi ya kule ilifungwa, watu wakatawanyika. Glenys alikokwenda hakujua. Jessamyn akaanza kuitika jina hilo hata nyumbani. Mama yake akamuuliza, "Kwani mimi nilimzaa nani?"

Kisha serikali ya kule ikatunga sheria: mteja aambiwe simu yake inapokelewa nchi gani. Bi Edna alipopiga, Jessamyn akasema, "Niko Cebu, Ufilipino."

"Sasa Glenys wangu mmemweka wapi?"

Hakupiga tena.

Mvua zilipoanza, mwanamke mmoja akapiga kufunga akaunti ya marehemu mama yake. Jessamyn akashika ukingo wa meza. Sauti ile aliijua kuliko yake mwenyewe.

"Unaongea kama mimi," mwanamke akasema taratibu.

"Nilifundishwa kwa sauti yako, dada. Nisamehe."

"Si wewe uliyenifukuza. Nilikwenda kupika migodini, mbali, nikakawia kurudi. Mama alisema tunaongea kila wiki. Nilidhani akili imemruka." Kisha akauliza, "Alikuwa na furaha?"

"Mpaka nilipomwambia niko wapi."

Jessamyn aliifunga akaunti, kisha akaenda kuomba jina jingine. Wakampa Moira.

"Huyu yuko hai?" akauliza.

Msimamizi akacheka, akaona mwenzake hacheki. "Sijui, Jess. Ni jina tu."

Akavua vipokea sauti, akavilaza mezani, akatoka. Siku hizi anauza nguruwe wa kuchoma sokoni Carcar na shangazi yake. Juzi nilipita, nikamwita kwa jina lake mara mbili kabla hajageuka.