Fulana Yenye Jibu

Siku ile nilirudi nimechoka na nimekasirika, nikajitupa kitandani na fulana ya kazi mwilini, ile iliyoandikwa kifuani STENDI YETU, FAHARI YETU. Kutwa nilikuwa nikiwahoji watu wa mtaa wa Vibandani wangependa kijengwe nini kwenye kiwanja chao, stendi au zahanati. Wote walisema stendi, hata Bi Rukaya, ambaye mkwewe alijifungulia njiani mwaka jana, mtoto akafa, na sasa ana mimba nyingine. Hilo ndilo lililonikera. Nikasema moyoni, watu hawa hawajui hata shida zao wenyewe, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ambayo wakazi wake shingo zimeota kigimbi kwa kuitikia kwa kichwa. Mfalme wao, Upendeleo, alipita mlango kwa mlango akiuliza, "Mnanipenda, siyo?" Adabu, mama mwenye haya, akawajibia wote, "Ndiyo, baba," naye karani Uvivu alikwisha kuandika ndiyo kabla mlango haujafunguliwa. Ukweli alikaa chini vumbini, hakuna aliyempa kiti. Hapo bibi mmoja akanishika mkono, akaniambia anaitwa Usikivu.

"Mfalme huyu unamjua?"

"Simjui, bibi."

"Humjui, na umevaa fulana yake? Ndio usomi wenu huo. Mgeni akipiga hodi na jibu kifuani, mwenye nyumba aseme nini? Watu wale wamelelewa, hawamwaibishi mgeni mlangoni. Wewe ukachukua adabu yao, ukaiita maoni, kisha ukawaita wajinga. Mjinga ni nani hapo?"

Nikavua fulana kwa aibu, na maandishi yakabaki kwenye ngozi.

"Hayo hayatoki kwa siku moja," akasema, akaniacha.

Nilipoamka kumekucha, nilijidharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu. Ripoti ilitakiwa manispaa saa nne. Nikavaa shati jeupe, nikaenda mbio kwa Bi Rukaya. Alikuwa uani akipepeta mchele, mkwewe ameegemea ukuta, tumbo limeshuka.

"Shikamoo, Bi Rukaya. Nimekuja kuuliza upya. Kwenye kile kiwanja, kijengwe nini?"

Akaitikia, akatua ungo. Akanitazama kifuani, akatafuta kwa macho hadi mfukoni, hakuona kitu. Akamgeukia mkwewe, akanirudia mimi.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "leo hamjaandika?"