Mkwe na Mkanda

Baba mkwe wangu, mzee Nehemiah Machogu, alikuwa akiongea na magunia. Si wazimu. Kwetu Gusii, mzee na mke wa mwanawe wana chinsoni, yaani haya ya heshima: hamgusi, hatamki jina lake, wala hawasemezani ana kwa ana. Katika mashine yake ya kusaga pale sokoni Keumbu, mume wangu Joash ndiye aliyepeleka maneno kati yetu. Lakini mwaka wa 1974 dizeli iliadimika, Joash akawa anashinda Kisii mjini kwenye foleni na mtungi wake, nami nikashika kazi yake. Basi mzee kwa kukosa mjumbe aliliambia gunia: "Wewe gunia, watu wa Manga wanangoja." Mimi nilijibu kwa kufanya kazi, huku nikiuma midomo nisicheke.

Dizeli ilipopungua, busara nayo ilipungua. Mzee hakutaka kuzima injini, eti kuiwasha tena kunakula mafuta. Mkanda uliochakaa wa kuzungusha mashine ukichomoka, aliurudisha injini ikinguruma. Akaona mbao za kinga zilizouzingira zinamchelewesha, akazing'oa. Nilikasirika, lakini ningemwambia nani? Gunia?

Ijumaa moja alasiri, kina mama wamejaa mlangoni wakitaka unga kabla Sabato haijaingia, ncha ya leso yangu ilinaswa na mkanda. Nikavutwa kiunoni. Nilijua nakufa.

"Mong'ina!" Ilikuwa sauti ya mzee, akiniita "mama" kwa Kigusii.

Mikono ilinikumbatia kwa nyuma ikanivuta kwa nguvu. Leso ikachanika, ikaenda na mkanda, nasi tukaanguka sakafuni. Mzee akatambaa akazima injini. Kina mama, naapa, walishtushwa zaidi na lile kumbatio kuliko mkanda.

Mzee alikaa juu ya gunia.

"Ile leso niliiona," alisema. "Tangu asubuhi niliiona ikining'inia. Nikaona haya kusema."

Nililia. Nilimhurumia na kumkasirikia, yote mawili kwa pamoja.

"Mficha uchi hazai!" bibi Bosibori alisema kutoka mlangoni, na kicheko kikatupunguzia hofu.

Injini haikuwashwa tena siku hiyo. Mzee aliwaambia watu Sabato hii wale ndizi, akachukua nyundo, akazirudisha mbao zote. Kisha akatangaza kwamba mbele ya mkanda hakuna mkwe: mwenye macho apige kelele. Wengine waliguna. Shauri yao.

Jumapili asubuhi aliinama juu ya mbao kukagua injini inayozunguka, pindo la koti lake likiukaribia mkanda. Ulimi wangu ulikuwa mzito. Miaka minne ya ndoa sikuwahi kumwita.

"Baba, koti!"

Aliruka nyuma, akalivua, akalitundika msumarini. Halafu akageuka, na hakulitazama gunia.

"Asante, mwanangu," alisema.