Jumapili Tatu Bila Hodi

Tangu hoteli ianze kujaa wageni wa mwisho wa wiki, Mama Pacha hakuwa na Jumapili tena. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia, na msimamizi alishasema wazi kwamba asiyetaka zamu ya Jumapili aseme tu, wanaoitaka nafasi yake wamejaa getini. Mume wake alikuwa amepunguzwa kazini. Mama Pacha akaipokea zamu.

Kanisani alikuwa kwenye kikundi cha kutembelea wagonjwa. Zamani walikuwa wanane, wakabaki watatu: yeye, fundi seremala na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Kila Jumapili baada ya ibada, mmoja wao alikwenda kwa Bibi Mkunga, mjane aliyezalisha nusu ya akina mama wa mtaa ule, Mama Pacha akiwemo. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, na presha ilimwandama. Walimpelekea dawa, wakamjazia ndoo za maji, wakakaa kumsikiliza akiwasema watu mpaka mbavu zikawauma kwa kicheko.

Jumapili moja, saa nne asubuhi, fundi aliingia chumba cha kufulia na sanduku lake la vifaa. Alikuwa ameitwa kutengeneza mlango wa kabati.

"Kumbe na wewe wamekushika Jumapili?" Mama Pacha alimuuliza huku akiendelea na pasi.

"Nitafanyaje, dada? Wiki nzima simu iko kimya, ikilia ni Jumapili." Fundi alipiga magoti mbele ya kabati. "Bibi Mkunga anaendeleaje?"

"Si nikuulize wewe? Mimi mwezi huu sijakanyaga kwake. Nilijua unakwenda."

Fundi aligeuka taratibu, bisibisi mkononi. "Mimi nilijua unakwenda wewe. Au mwalimu."

Wakampigia mwalimu. Siku hizo Jumapili alikuwa akizunguka majumbani kufundisha masomo ya ziada. "Jamani, si nyinyi?" aliuliza.

Jumapili tatu. Mama Pacha alipiga simu ya Bibi, haikupatikana. Akapiga tena. Ndipo akakumbuka kwamba hata wapangaji wa chumba cha pili walihama mwezi uliopita, kodi iliwashinda. Hapakuwa na wa kusikia kitu pale. Harufu ya kuungua ilimzindua: shuka lilikuwa limepata doa la kahawia, umbo la pasi kabisa.

Msimamizi alifika kabla hata hajaliondoa. Mama Pacha alimweleza.

"Ni mama yako?"

"Hapana."

"Basi maliza zamu."

Alivua aproni, akaiweka juu ya meza. Hakuthubutu kumtazama msimamizi usoni. Fundi alibeba sanduku lake, akamfuata nje.

Walikwenda nusu mbio. Mlango wa Bibi haukuwa na kufuli nje. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Pazia limeshushwa.

"Hodi, Bibi. Ni mimi, Mama Pacha."

Kimya. Aligonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Alitega sikio kwenye ubao na hakusikia ila moyo wake mwenyewe. Nzi wawili walitoka chini ya mlango, akarudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni.

"Fungua, fundi," alinong'ona. "Mimi siwezi kutangulia."

Fundi alizifungua bawaba. Mikono iliyozoea kazi hiyo ilidondosha skrubu mara mbili. Mlango ulipotoka, harufu nzito iliwapokea, na Mama Pacha akawa ndiye wa kwanza kuingia.

Bibi alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta. Midomo imepasuka, mdomo umekwenda upande. Macho yalikuwa wazi. Yakapepesa.

"Yuko hai," Mama Pacha alisema, akapiga magoti kando yake. Alichovya kona ya kanga kwenye maji yaliyobaki ndooni, akamlowesha midomo. Fundi alitoka mbio kutafuta gari.

"Nimeanguka Ijumaa," Bibi alisema kwa shida, maneno yakiburuzika. "Dawa ziliisha. Sikutaka kuwasumbua. Najua mnahangaika."

Mama Pacha aliichovya kanga tena.

Bibi alipona, ila mkono wa kushoto haukurudi. Mama Pacha alisimamishwa kazi wiki mbili, na shuka likakatwa kwenye mshahara. Jumapili zake zilibaki za hoteli. Wale watatu walikubaliana kwenda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, alfajiri kabla ya kazi, na kila anayetoka huwapigia wenzake: "Nimemwona kwa macho yangu." Mchungaji aliuliza kama kuna wa kuwasaidia. Siku hiyo kanisani walikuwa watu kumi na wanne, na wengi wao walitazama chini.

Kila Jumanne Mama Pacha hubisha hodi kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, na mpaka aitikiwe huwa hapumui.