Betri Iliyoshiba ya Fundi Optatus

Siku ile mjinga alikuwa Optatus. Mwenyewe anakubali sasa, ingawa anakubali kwa masharti: umkute peke yake, awe ameshakula, na uahidi hutacheka. Basi tumsaidie tulimalize hapa mwanzoni. Mjinga alikuwa yeye, na hakulazimishwa na mtu.

Alifika bwawani Ihumwa saa tatu asubuhi, suruali imepigwa pasi ikanyooka, mita ya kupimia umeme imening'inia kiunoni kama bastola ya askari. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifunga sola juu ya mabati ya watu, na hakuna aliyebisha kuwa kazi hiyo anaijua. Ila kutoka kwenye sola alijipandisha cheo mwenyewe, akawa bingwa wa kila kitu chenye waya: pasi, redio, jokofu la padri, na sasa boti.

Boti ilikuwa ya kikundi cha wafuga samaki. Ilikuwa ndogo, urefu wa mkono wa mtu mzima, yenye mota ya betri na kindoo cha chakula mgongoni. Mtu anasimama ukingoni na rimoti, boti inapeleka pumba katikati ya bwawa. Zamani walirusha kwa mkono, na upepo wa Dodoma ukawarudishia pumba yote usoni.

Miezi mitatu betri yake ilikuwa ikitunzwa kwa Optatus, na sasa boti ilikuwa na ugonjwa. Ilikwenda hatua arobaini hivi, ikakohoa, ikasimama. Mama Emiliana, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa ametangaza mbele ya wanachama wote: atakayeifanya iende na kurudi mara tatu ikiwa na mzigo ndiye atakuwa fundi wa kikundi, na boti nne mpya zinazokuja zitakuwa mikononi mwake. Optatus aliutaka ufundi huo mpaka akakosa usingizi. Alikuwa ameshawaambia majirani. Alikuwa ameshachongesha muhuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Umepona? Namaanisha boti."

"Leo inakwenda mpaka Kondoa," alisema Optatus. Akachomeka ncha za mita kwenye betri, akageuza kioo ili wote waone. "Kumi na mbili nukta nne. Mmeona? Betri imeshiba."

Imeshiba kweli, maana ilikuwa na tumbo. Ilikuwa imevimba pande zote, mfuniko wa boti haukufunga, naye akaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Wanachama walipouliza kuhusu huo unene, aliwaambia ni dalili ya afya.

Pembeni alikuwa amekaa Shamimu, binti wa Kondoa mwenye kibanda pale mtaa wa Kikuyu, anayefufua betri za kompyuta na za pikipiki za umeme. Mama Emiliana alikuwa amemwita, kwa usalama tu. Optatus alimtazama kama mtu anavyotazama kiatu cha mguu mmoja.

"Na wewe dada umekuja kuogelea?"

"Siwezi kuogelea hata kwenye beseni, kaka," alijibu Shamimu. "Nimekuja kuangalia."

"Angalia basi, ujifunze."

Boti ikaondoka kwa mbwembwe. Hatua kumi, ishirini, thelathini. Ilipofika arobaini ikakohoa, ikasimama, ikaanza kusukumwa na upepo kama ndala iliyopotea.

Optatus hakushtuka. Alikuwa mtoto wa Ukerewe, amekulia majini, na hapo ndipo alipowazidi watu wote wa nyanda kavu. Akavua shati, akaogelea taratibu kwa madaha, akarudi na boti kichwani. Watu wakampigia makofi. Alidhani ni ya heshima.

"Ni rimoti," akasema. Akabadilisha betri kavu za rimoti. Boti ikaenda hatua arobaini, ikasimama. Akaogelea.

"Ni mota, imekauka." Akaitia mafuta. Hatua arobaini. Akaogelea, safari hii bila madaha.

"Ni maji haya," alisema akitweta, tope limemfika magotini na mikunjo ya pasi imesahaulika. "Maji ya huku yana chumvi. Yanakula umeme."

"Samaki wanakaa humo mwaka mzima," alisema Mama Emiliana. "Umeme wako ndio unaotaka maji ya chupa?"

Watu wakacheka. Mzee Matonya, mweka hazina, alicheka mpaka akashikilia mti.

Shamimu akanyanyuka. "Kaka, naomba tupime tena betri."

"Nimeshapima! Kumi na mbili nukta nne. Au mita nayo inasema Kirangi cha kwenu Kondoa?"

"Umeipima ikiwa imelala. Tuipime ikiwa inafanya kazi."

Aliomba beseni kubwa, akalijaza maji, akaitumbukiza boti na kumwambia Mzee Matonya aishikilie kwa mikono miwili isiponyoke. Akachomeka mita, akampa Optatus rimoti. "Bonyeza mpaka mwisho."

Mota ikanguruma, maji yakamrukia Matonya kifuani. Kwenye kioo ile kumi na mbili nukta nne ikaporomoka: kumi na moja, kumi, tisa na kidogo. Mota ikakohoa ikazima. Optatus akaachia rimoti, na polepole namba zikapanda tena mpaka karibu na kumi na mbili, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umeona inavyojifanya nzima?" alisema Shamimu. "Humu ndani mna seli tatu." Akahamishia ncha za mita kwenye kiplagi cheupe kilichotoka pembeni mwa betri, wakarudia mara moja moja kwa kila seli. Mbili zilisimama imara. Ya tatu, mota ilipoanza tu, ilianguka chini ya volti mbili. "Hii ndiyo inayowaangusha wenzake. Boti ina kikadi kinachozima mota umeme ukishuka sana, ili betri yote isiharibike. Rimoti haina kosa. Maji hayana kosa."

Optatus akaweka rimoti chini. "Lakini nimeitunza! Miezi mitatu sikuiacha ishuke hata kidogo. Ikipungua nachaji. Muda wote imejaa."

"Uliiweka wapi?"

"Stoo. Juu, chini ya mabati, kwenye rafu ya betri za sola."

Shamimu akatikisa kichwa. Hakuonekana kufurahi, na hilo ndilo lililomuuma Optatus zaidi. "Hivyo ndivyo inavyotunzwa betri ya sola, kaka. Ile ukiiacha bila chaji inakufa. Hii ni lithiamu. Ukiihifadhi imejaa, tena kwenye joto la mabati ya Oktoba, inavimba. Ukiiweka muda mrefu unaiacha nusu, mahali pa baridi. Uliipenda kama ya sola, ukaiua."

Aliichukua ile yenye tumbo kwa uangalifu, akaiweka ndani ya ndoo ya mchanga mbali na watu, akaonya mtu asiitoboe. Kisha akatoa kwenye mkoba betri yake, nyembamba kama daftari. Mfuniko ukafunga wenyewe. Mpira wa baiskeli ukabaki chini, hauna kazi.

Boti ikaenda. Ikapita hatua arobaini bila hata kusalimia, ikamwaga pumba katikati, samaki wakachemka juu ya maji, ikarudi. Mara ya pili. Mara ya tatu. Shamimu hakulowa hata kidole.

"Basi," alisema Mama Emiliana. "Fundi wa kikundi ni Shamimu."

Optatus alisimama pale, suruali inachuruzika, mkono mmoja umeshika mfuko wenye muhuri. Kila aliyekuwepo alimwona akitafuta neno, na ingekuwa heri asingelipata.

"Mama, hebu tuseme ukweli. Mimi nimeingia humo mara tatu. Tatu! Boti nne zinakuja, mabwawa yana kina, na huyu kasema mwenyewe hawezi kuogelea hata kwenye beseni. Sasa mnampaje boti mtu asiyejua kuogelea?"

Mama Emiliana alimtazama kuanzia nywele zilizolowa mpaka viatu vilivyojaa tope.

"Anayejua boti, mwanangu, aogelee kufuata nini?"