Vikofia Viwili vya Waya

Mlima ulikuwa umemtia Fundi adabu tangu asubuhi. Ilipofika saa tano alisimama kando ya njia, mguu mmoja chini, akihema kama mvukuto, mvua nyembamba ikimchapa usoni. Alitia mkono mfukoni kutafuta leso ajifute. Badala ya leso, vidole vikagusa vitu viwili vidogo, vya baridi.

Akavitoa. Vikofia viwili vya bati, vile vinavyobanwa kwenye ncha ya waya wa breki ili usichanuke.

Moyo ukampasuka pa!

Asubuhi ile alihesabu vikofia kumi na sita. Baiskeli nane, kila moja nyaya mbili, kila waya na kikofia chake. Hakukuwa na cha kubaki. Vikibaki viwili, basi ipo baiskeli moja ambayo mkono wake haukuigusa.

Walikuwa watu wanane wa chama kimoja, waliofunga safari kwenda kupanda milima ya nchi ya watu. Baiskeli walikodi hukohuko, kwenye nyumba ya wageni. Jana yake jioni walizijaribu uani, na Nesi, mama mwenye mwili wake, akabana breki, akarushwa juu ya usukani na kuangukia vyungu vya maua. Watu walicheka mpaka machozi. Fundi hakucheka. Aliinama akakagua, akaona kwamba kule kwa wenyeji breki ya kushoto ndiyo inayoshika gurudumu la mbele. Nyumbani kwa akina Fundi ni kinyume: kushoto nyuma, kulia mbele, na mikono yao wote ilizoea hivyo tangu utotoni.

"Nitazigeuza zote," alisema. "Asubuhi mtazikuta kama za nyumbani."

Aliamka kabla ya jogoo, akajifungia kwenye kibanda cha baiskeli na koleo na spana zake, akawa anahamisha nyaya, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, kila ncha akiibana kikofia kipya. Kila aliyoimaliza aliifunga kitambaa chekundu kwenye usukani, kama walivyofanya kwenye karakana ya marehemu baba yake. Kitambaa chekundu maana yake imepimwa, chukua uende. Hakuna aliyekifunga kitambaa kile ila fundi mwenyewe.

Alipomaliza ya saba, Mwalimu aliingia na kikombe cha chai mkononi. Mwalimu alikuwa mume wa dada yake mdogo, mtu wa maneno mengi na miguu myepesi.

"Shemeji, bado unabembeleza vyuma? Wenzako wanamaliza mayai."

"Imebaki yako tu."

"Yangu ya mwisho! Ndiyo maana dada yako alikimbilia kwangu. Kwako angekaa kwenye foleni mpaka azeeke."

"Toka hapa, mdomo kama redio ya mkopo."

Mwalimu akachukua kitambaa kilichobaki mezani, akakifunga mwenyewe kwenye usukani wake, kisha akarudi nyuma hatua mbili kukitazama kama bwana harusi mbele ya kioo. "Haya, imekwisha. Njoo unywe chai kabla Nesi hajafagia mkate wote."

Fundi alicheka. Akajiambia, kikombe kimoja tu, halafu nirudi. Kikombe kimoja kikawa viwili, kiongozi wa safari akapuliza filimbi, na uani vitambaa vinane vyekundu vilikuwa vimejipanga kama wanafunzi mstarini. Macho yake yalivipitia yakaridhika. Miaka thelathini yalikuwa yamezoea kukiamini kitambaa.

Tena akasimama mbele yao kabisa: "Mkiteremka, tegemeeni mkono wa kushoto. Wa kulia mguse kidogo tu. Mmenisikia?"

"Tumesikia!" waliitikia, Mwalimu akiwapita wote kwa sauti.

Tangu hapo njia ilikuwa ni kupanda tu. Hakuna aliyekuwa na haja ya breki.

Fundi alijaribu simu. Mtandao haukuwepo. Akapanda baiskeli, akakanyaga. Mapaja yaliwaka moto, mate yakawa na ladha ya chuma, na masikioni alimsikia dada yake, siku ile ya kuagana, akimshika mkono: "Kaka, huyu hajui kwenda polepole. Nirudishie mzima." Naye alikuwa amemjibu, niachie mimi.

Kileleni alimkuta Mshonaji, mmoja wa wenzake, peke yake, kajikunyata chini ya paa la kibao cha njia, anakula ndizi.

"Shemeji yangu yuko wapi?"

"Ameshateremka na kiongozi, dakika tano hivi. Anasema anakwenda kututandikia mazulia. Fundi, mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Fundi alikuwa ameshakanyaga pedali. Aliteremka huku akipiga kelele, jina la utani, jina la kazi, kila lililomjia. Upepo ulimrudishia sauti yake mdomoni. Kona ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Kwenye ya tatu kiongozi alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono juu.

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa mawe kama iliyowekwa na mtu. Kitambaa chekundu kilikuwa kinachuruzika maji. Mwalimu alilala chali upande wa pili wa ukuta, macho wazi.

"Shemeji," alisema taratibu. "Nilibana kushoto. Wallahi nilibana kushoto kama ulivyosema. Au nilichanganya?"

"Usiseme. Tulia."

"Miguu yangu umeiona? Sijui nimeiacha wapi."

Miguu ilikuwa palepale, imenyooka, viatu vimefungwa vizuri. Nesi alipofika alimbinya kidole gumba cha mguu kwa nguvu. Mwalimu aliendelea kutazama mawingu. Nesi akageuza uso.

Jioni, kwenye ukumbi wa hospitali, wenzake walimzunguka Fundi kumpa pole. Mvua ile, walisema, nani angeiweza. Na Mwalimu naye na mbio zake! Daktari alikuwa ameshatoka kusema kwamba atapona, ila kutembea wasahau. Fundi alivibana vikofia mpaka vikamwachia alama kwenye kiganja.

Simu ikalia. Dada yake.

"Kaka, nimeongea naye. Analia kama mtoto. Anasema alikosea mkono, eti nimsamehe." Akavuta pumzi. "Mtu aliyeendesha baiskeli tangu darasa la pili anakoseaje mkono?"

Fundi aliinuka, akaenda dirishani mbali na wenzake.

"Hakukosea. Alibana kushoto, kama nilivyomwagiza. Baiskeli yake sikuigeuza."

Dada alikulia kwenye karakana ileile, hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Kitambaa kilikuwepo?" aliuliza.

"Kilikuwepo."

"Nani alikifunga?"

Fundi alimwona Mwalimu na kikombe chake cha chai, akirudi nyuma hatua mbili. Alikumbuka pia kwamba yeye alikuwa anacheka.

"Ni changu," alisema. "Kitambaa ni cha fundi."

Dada hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Basi ingia umwambie," alisema mwishoni. "Sasa hivi. Asilale akijilaumu. Mimi nawe tutaonana mkirudi."

Akakata simu.

Fundi alisukuma mlango wa wodi. Mwalimu aligeuza shingo, sehemu pekee aliyoweza kuigeuza bila maumivu, akajaribu kutabasamu.

"Shemeji, nisamehe. Nimewaharibia safari."

Fundi akaviweka vile vikofia viwili juu ya shuka, mahali ambapo Mwalimu angeviona, akavuta kiti.