Mkono wa Haja Ndogo

"Dada Chizuru, hebu sema ukweli. Huo mkono wako unabana maji au una kiu?"

Chizuru Kamohara hata koti hajavua, huyo Nagafuchi keshaanza. Kakaa juu ya meza, miguu inaning'inia, kikombe cha chai mkononi, uso wote unameremeta kama wa mtu aliyeamka na umbea mtamu.

"Nani kasema una kiu?"

"Mita imesema. Jana nilipita kwa shangazi yako, nikala, nikachungulia. Duh! Choo chake kinakunywa maji kuliko kabla hujakifunga mkono wako. Kuliko kabla, dada!"

Chizuru akasimamisha vidole kwenye kifungo cha koti.

Karakana ya Mzee Todoroki iko uchochoroni Kokura, chini kabisa ya reli ya juu, treni ikipita vikombe vinacheza mezani. Tangu enzi za baba yake mzee, hapo wanatengeneza kitu kimoja tu: mkono wa kuflashi choo. Ule wa ubavuni mwa tangi. Usukume nyuma, yanashuka maji ya haja kubwa; uvute mbele, yanashuka ya haja ndogo. Kila nyumba unao, kila mtu anaushika kila siku, na hakuna anayeuwaza hata kidogo. Isipokuwa Chizuru. Yeye anauwaza kwenye foleni, anauwaza akipiga mswaki, na kwenye harusi ya dada yake aliuwaza mpaka akasahau kupiga makofi.

Na huu mpya aliobuni, jamani, ulikuwa mtamu! Kaukunja kama kijiko. Kiganja kikiuangukia tu, wenyewe unakwenda upande wa haja ndogo. Ukitaka kubwa sharti uunyanyue, utumie nguvu kidogo, ujue unachokifanya. Ndani ya tangi unavuta cheni, kifuniko cha mpira kinafunguka na kujifunga hapo hapo, fyaa! Basi, kwisha. Mikono ya zamani hata ukiomba maji ya haja ndogo ilikuwa inamwaga karibu nusu tangi. Wa Chizuru ulikuwa bahili kweli kweli.

Sasa bahili gani huyu anayemaliza maji?

Mzee Todoroki akatoka ofisini, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Nimesikia habari za mita," alisema.

"Labda ni mbovu, mzee."

"Nimeifunga mwenyewe."

Chizuru akarudisha vifungo vya koti.

"Wanangu, sikilizeni," mzee akasema, naye hakuonekana kufurahia. "Bi Iwakiri anakuja kesho. Nyumba za wazee anazojenga kule Moji ni nyingi, na kila moja ina choo chake. Atachagua kitu kimoja. Kama ni mkono wa Chizuru, sawa. Kama ni kitufe cha Nagafuchi, kile alichokifunga kwa kinyozi badala ya mkono, sawa. Ila meza ya kuchora nitabaki nayo moja. Atakayeachwa atahamia stoo, kufunga maboksi."

"Maboksi nayo yana raha yake, dada," Nagafuchi akanong'ona. "Ile gundi inanukia vizuri."

"Utainusa wewe."

Alisema hivyo, lakini miguu ilishamtoa nje.

Mkahawa wa Shangazi Tamayo ulikuwa barabara ya pili, mdogo kama kabati, bamba la moto katikati na shangazi nyuma yake akikaanga tambi nene za udon kwa kabichi na nyama ya nguruwe, moshi unapaa, mwiko unapiga kwata. Kiti cha mwisho kabisa, kile kilichobanwa na mlango wa choo, hakipendwi na mtu. Chizuru akaenda kukaa hapo hapo. Akaagiza tambi, akainamisha kichwa, akatega sikio.

Akaingia dereva wa teksi, Mzee Kusaba, mteja wa kila siku. Akavua viatu, akavaa ndala za chooni, zile za plastiki zenye picha za bata, ambazo ni mwiko kuvuka mlango huo. Mlango ukafungwa. Kikapita kitambo.

Fyaa!

Safi, Chizuru akajisemea, haja ndogo. Kisha akasikia bomba dogo la juu ya tangi, lile la kunawia mikono kwa maji yanayoshuka kujaza tangi, likichuruzika. Likakata. Kimya. Halafu...

Gwaaaa!

Kubwa! Tangi zima! Chizuru nusura apaliwe na kabichi.

Mzee Kusaba akatoka anapiga mluzi. Akaingia dada wa benki: fyaa, churuchuru, kimya, gwaaaa! Akaingia mwanafunzi wa sekondari: fyaa, kimya, gwaaaa! Kila mmoja anaflashi mara mbili, ya pili inafuta akiba yote ya ile ya kwanza.

"Wewe mtoto." Shangazi Tamayo kasimama mbele yake na mwiko. "Unafanya nini hapo?"

"Nakula, Shangazi."

"Unakula huku sikio limeganda mlangoni? Unasikiliza wateja wangu wakijisaidia!"

"Ni kazi."

"Kazi! Na mama yako anajua umesomea hiyo?"

Labda ni aibu, Chizuru akawaza. Watu huflashi ili usisikike mlio wao. Yeye mwenyewe hufanya hivyo kwenye vyoo vya stesheni. Lakini hapana, mtu wa kuficha mlio huflashi mwanzoni, si baada ya kunawa. Halafu Mzee Kusaba na aibu wapi na wapi? Si alikuwa anapiga mluzi mle?

Ikabidi aulize. Akajikaza, akamgeukia mzee wa watu.

"Samahani, baba. Pale ndani... ule mkono... mbona umeuvuta mara mbili?"

Mkahawa mzima ukaacha kutafuna. Tambi zikaning'inia midomoni.

"Binti," Mzee Kusaba akasema taratibu, masikio yamekuwa mekundu, "mke wangu nimeishi naye mpaka uzee, hajawahi kuniuliza hivyo."

Wakapasuka kicheko, kasoro shangazi. Yeye alimtupia Chizuru kitambaa usoni.

"Kwa kuwa unakipenda hivyo hicho choo, kakisafishe!"

Basi Chizuru akavaa ndala za bata, akaingia, akajifungia. Akasugua bakuli, akafuta sakafu, akafuta tangi. Alipofika kwenye mkono wake, kipenzi chake, kijiko chake, kiganja kikateleza.

Akashika tena. Unateleza! Akajinusa vidole. Ndimu.

Alijua hiyo harufu. Ilikuwa sabuni ya kijani ya shangazi, ile inayokaa juu ya tangi kando ya bomba dogo. Sasa hebu fikiria naye: mtu anaflashi kwanza, ndiyo maji yanapanda, ndiyo ananawa. Mkono unashikwa kabla ya sabuni. Sabuni imefikaje kwenye mkono?

Akaona heri ajaribu kama mteja. Akauangukia mkono, fyaa! Bomba likaanza kutiririka. Akalowesha viganja, akachukua sabuni, akasugua. Povu likapanda, zuri, jeupe, mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Akanyoosha mikono kusuuza.

Bomba likakata.

Tangi limejaa, biashara imefungwa. Kasimama pale na mapovu mikono yote miwili, kaduwaa kama mwizi aliyewashiwa taa. Na unajua nini? Kabla hata hajafikiri, mkono wake mwenyewe, mkono wa mbunifu mwenyewe, ukaenda ubavuni mwa tangi na mapovu yake, ukanyanyua.

Gwaaaa!

Maji yakaja tele, akasuuza, akaanza kucheka peke yake. Mkono haukuwa na kosa! Ulikuwa unabana maji vizuri mno. Tangi likipungua kidogo linajaa upesi, likijaa bomba linakata, na mtu anaachwa na sabuni yake. Mikono ya zamani haikuwahi kumwacha mtu na povu, maana ilikuwa inamwaga ovyo.

Akausukuma mlango. "Sabuni! Shangazi, ni sabuni! Wanataka kusuuza tu!"

Akakatiza mkahawa mzima anapunga mikono, mpaka kwenye bamba la moto. Hakuna aliyemtazama usoni. Wote walikuwa wanaangalia chini.

"Chizuru," shangazi akasema kwa sauti ndogo ya hatari. "Miguu yako."

Ndala za bata. Sakafuni. Kwenye mkahawa wa watu wanaokula.

Alirudi kinyumenyume akiinama na kuomba radhi kila meza, halafu akatakiwa apige deki tena, mpaka uvunguni.

Wakati anapiga deki ndipo akili ikakaa sawa. Kuongeza maji ya haja ndogo? Hapana, huko ni kuusaliti mkono. Maji yabaki yale yale, ila yasikimbie. Akapiga magoti kwenye koki ya chini ya tangi, akaikaza kidogo kwa bisibisi, akaflashi. Bomba likatoa maji membamba, kama chai inayomiminwa na mtu asiye na haraka. Akasugua sabuni. Akasuuza. Akamaliza. Maji bado yanachuruzika.

Tatizo, koki ni koki. Fundi yeyote akija kesho ataifungua. Dawa iwe ndani ya bomba lenyewe, iuzwe pamoja na mkono. Akarudi karakana mbio, akamsimulia Nagafuchi kisa cha sabuni, akachukua pete ya shaba ya kukaa ndani ya bomba, akaiweka kwenye mashine ya kutoboa. Pete ya kwanza, tundu likaenda upande. Ya pili ikapasuka.

"Mikono inakutetemeka," Nagafuchi akasema nyuma yake. "Sogea."

"Ili uiharibu?"

"Ili nikushinde kihalali. Nikikushinda kwa sababu ya sabuni nitawaambiaje watu?" Akashusha miwani ya kazi, akatoboa, tundu dogo, katikati, safi kama jicho la samaki. "Chukua. Na usinishukuru, utaniletea nuksi."

Kesho yake mchana, pete ikiwa imeshakaa bombani, Bi Iwakiri akaja mkahawani, suti ya kijivu, mgongo umenyooka, ametoka kwa kinyozi kukiona kitufe cha Nagafuchi na uso wake hausemi kitu. Mzee Todoroki na Nagafuchi wanamfuata nyuma. Akaagiza tambi, akala zote. Akaagiza samaki wa kuchemshwa na pumba za mpunga, kitoweo cha kwao Kokura, akala naye. Choo hakukiuliza kabisa. Chizuru jasho linamtoka.

Mwishowe akafuta mdomo. "Naomba kujisaidia."

Mlango ukafungwa. Shangazi Tamayo akauinua mwiko juu ya bamba, akaubakiza hewani. Wateja, ambao kufikia hapo walishajua habari yote, wakaweka vijiti chini.

Fyaa!

Kisha churuchuru, nyembamba, ndefu. Chini ya meza mikono ya Chizuru ikawa inajinawa yenyewe. Suuza, mama, suuza, bado yapo. Churuchuru. Likakata.

Kimya.

Halafu, kle! Mlio wa chuma. Mkono umeguswa! Chizuru akafumba macho, akaiona gundi ya maboksi. Kle, tena. Kle. Lakini gwaaaa haikuja. Kle, kle. Nagafuchi akamwinamia sikioni: "Anauchezea, dada. Anauchezea tu!"

Mlango ukafunguka. Bi Iwakiri akapita katikati ya meza, macho mbali, kidole gumba bado kinakunjuka hewani kama kinavuta kitu. Akakaa. Akapandisha mguu juu ya mwingine. Na kwenye mguu huo, bata wa njano, anatabasamu.

Lo! Mzee Todoroki akaanza kusoma dari. Shangazi akaficha uso nyuma ya mwiko.

"Vidole vya mama yangu vimekakamaa," Bi Iwakiri akasema, hana habari. "Kuzungusha hawezi, na vitufe havioni, kule kwa kinyozi hata mimi nilikipapasa. Lakini huu unauangukia tu, sivyo?"

"Unauangukia tu, mama," Chizuru akasema.

"Maandishi ya kubwa na ndogo yaongezwe ukubwa, wazee hawayaoni. Na yale maji ya kunawa nimeyapenda. Hayana papara."

"Ndiyo, mama. Yataongezwa. Maandishi, siyo maji." Wote wanamtazama yeye. Kumwambia mteja mkubwa jambo kama hili, dakika hii, unaweza kupoteza kila kitu. Kutomwambia, atoke nazo mpaka barabarani? "Mama... samahani sana. Ndala."

Bi Iwakiri akaangalia chini. Akamwona bata. Bata naye akamwona yeye.

Halafu mama wa suti ya kijivu akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakaanza kuruka, kicheko kikamtoka puani. "Maisha yangu yote nakagua vyoo vya watu!" akasema akifuta machozi. "Vyoo vyote hivyo, hili halijawahi kunikuta! Nilikuwa nauwaza huo mkono wenu. Basi, niuzieni. Yaishe. Viatu vyangu viko wapi?"

Mkahawa ukalipuka. Shangazi akachukua ndala kwa ncha za vidole akazirudisha chooni, akirudi akapiga deki bila kumdai mtu radhi.

"Haya," Nagafuchi akasema, kajaribu kucheka. "Nani ananifundisha kufunga maboksi?"

"Pete ya bomba katoboa yeye, mzee," Chizuru akaropoka. "Za kwangu zote ziliharibika."

Mzee Todoroki akaishusha miwani, akawatazama kwa zamu. "Asubuhi maboksi, Nagafuchi. Mchana pete. Meza ni moja tu, nimeshasema."

"Gundi inanukia vizuri, kaka," Chizuru akamnong'oneza.

Katikati ya kelele hizo hakuna aliyemwona Mzee Kusaba akiingia chooni. Walisikia tu fyaa, na churuchuru isiyo na haraka, kisha mlango. Akatoka na viatu vyake mwenyewe, mikono inang'aa, akaja mpaka kwenye kiti cha mwisho na kumwinamia Chizuru.

"Mara moja, binti," akasema. "Umeridhika?"